Taa za Pasta Wanjohi

Katika picha ya kwanza Nasike alionekana kama mtu aliyeugua ini mwaka mzima. Macho ya manjano, midomo ya kijivu. Na alikuwa mzima kabisa; shida ilikuwa taa za kanisa.

Alikuwa ametega kamera akakaa kitini mwenyewe, maana akina mama wa kwaya, waliokuja kupigwa picha za kalenda, walikuwa bado wanapakana poda.

"Umeona, Pasta?" alisema, akimwonyesha Pasta Wanjohi. "Zile balbu za mbele zinaleta manjano, hizi taa ndefu zinaleta kijani. Kamera inachanganyikiwa."

Pasta aliitazama picha kwa muda mrefu. "Kwani taa peke yake inaweza kumfanya mtu hivi?"

"Hata mbaya zaidi."

"Aisee," alisema Pasta kwa sauti ya chini.

Tangu atoke Bungoma na kufungua studio pale Munyaka, Eldoret, Nasike alikuwa akipiga picha za pasipoti tu. Kalenda hii ingetundikwa katika kila nyumba ya waumini. Hakutaka mchezo.

Alizima taa ndefu. Akaweka karatasi nyeupe kitini, akaipiga picha, akaiambia kamera kwamba hiyo ndiyo nyeupe. Kisha akakaa tena palepale, akatabasamu. Safari hii ngozi yake ilitoka kahawia yenye afya, meno meupe, macho maangavu.

Mama Virginia, kiongozi wa kwaya, hakushawishika upesi. Alishika pindo la sare yake.

"Hii ni zambarau. Mpiga picha wa mwaka jana alitutoa kahawia, watu wakauliza kama tumehama kanisa."

Nasike akampiga picha. Zambarau ikatoka zambarau. Mama Virginia akatazama picha, akatazama sare, akatazama picha tena.

"Huyu anajua kazi," aliwaambia wenzake, na wote wakajipanga.

Walipomaliza, Pasta alimsindikiza hadi mlangoni. "Dada, umebarikiwa. Sasa nitumie zote, hata zile za kujaribu. Sisi hapa hatutupi kitu."

Nasike alituma zote jioni hiyo, moyo mweupe. Mpiga picha gani huombwa mpaka makosa yake?

Kalenda ilitoka nzuri ajabu. Mama Virginia alipita studio kwa makusudi kumpa mkono, na wateja wawili wa harusi wakaja wakisema wameiona kwa jirani. Nasike alikuwa anawapangia tarehe simu ilipolia. Ilikuwa ni mama yake, sauti imejaa machozi.

"Nasike, mwanangu, uliugua hivyo na ukatuficha?"

"Niliugua lini, Mama?"

"Usinifiche tena. Shangazi yako Musimbi alikuwa hapo Eldoret jana, ameona bango la krusedi ya huyo Pasta wenu, akatutumia. Uko hapo mara mbili. Picha ya kwanza imeandikwa KABLA YA MAOMBI. Nimeshindwa kuitazama."

Nasike aliwaashiria wateja wangoje.

"Mama, sikiliza…"

"Tutaongea tukifika. Niko na shangazi zako wote kwa gari, tumeshapita Turbo. Tumemletea Pasta jogoo."