Kabari Chini ya Kiti

Fundi wa viti aliingiza mkono chini ya kiti cha abiria cha gari langu, akakunja uso, kisha akachomoa kabari ya mbao. Alivuta kishikio, kiti kikalala bila hata kelele.

"Kiti kizima hiki," alisema. "Kuna mtu alikibana makusudi."

"Watoto wako hao," dada yangu akadakia. "Watundu kupindukia!"

Kabari niliichomeka mimi. Baba alikuwa kila akipanda gari anajilaza, anakoroma mdomo wazi, na siku moja wenzangu wa kazini walimchungulia dirishani wakacheka hadi akazinduka. Leo tulimtoa hospitali na mshono mbichi mgongoni, akakaa wima njia nzima, ameng'ang'ania mkanda, huku mimi nikikilaani kiti kuwa kibovu ili dada asinishtukie. Dada ndiye aliyelazimisha tupitie gereji.

"Hebu niione," baba alisema.

Amekuwa seremala kwa miaka arobaini, na kuranda mbao alinifundisha yeye. Alipitisha kidole gumba kwenye ncha niliyoipiga msasa, akaigeuza kabari, akakipitisha tena. Uso ulinishuka. Niliinama, nikajidai nafunga kamba za viatu.

"Kazi safi," alisema, akaitia mfukoni.

Tulimlaza taratibu kwenye kiti. Nilipowasha gari alinigusa mkono, akaninong'oneza dada asisikie:

"Safari hii nikilala, nitafumba mdomo."