Glasi ya Mkurugenzi

Maji ya mji yalipita kwanza kwenye mitambo ya akili bandia, yakaipoza, ndipo yakafika majumbani kwa mgao wa kila siku tatu, yakiwa vuguvugu na yenye ladha ya chuma. Ndiyo sheria, na aliyeitunga hakai mji huo. Kila nyumba ilitunza kabati moja la kompyuta. La Mwanahawa lilinguruma chumbani mwa mama mkwe wake. Bibi mzee sasa alilala jikoni.

Siku ya ukaguzi alikuja mkurugenzi mwenyewe wa kampuni yenye mitambo hiyo, Bwana Kitururu. Mwanahawa alimkaribisha kwa glasi ya maji, kama mgeni yeyote.

"Ahsante, mama. Nimeshakunywa."

"Si mlisema ni salama?"

"Salama kabisa."

"Basi kunywa, mheshimiwa. Funda moja tu."

Alitabasamu, asiiguse. Ghafla kabati likapiga king'ora: joto limezidi. Mkurugenzi aliruka kama aliyesikia mwanawe akilia, akatoa mkobani chupa yake ya maji ya chemchemi, akaimimina yote kwenye tangi la kabati.

"Haya basi, pole," alilibembeleza.

Alipoondoka, Mwanahawa aliinyakua ile glasi ayamwage maji yale nje.

"Usimwage," alisema bibi kutoka jikoni. "Hadi kesho kutwa, hayo ndiyo maji yangu."