Nguzo ya Msonobari

Jumapili ya kwanza baada ya kustaafishwa, Mchungaji Peleg aliingia kanisani kutafuta pa kukaa. Alikuwa mtu mweusi, na kwa miaka thelathini alikuwa amewahubiria watu weupe wa mji wetu mdogo wa Vermont, akiwaozesha na kuwazika.

Shemasi, ambaye Peleg mwenyewe alimbatiza, alimzuia mlangoni kwa upole.

"Usinielewe vibaya, Mchungaji. Mimbari ina mwenyewe sasa. Na watu weusi hukaa juu, unajua."

"Najua," alisema Peleg. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Alipanda ngazi polepole, viatu vikidondosha theluji. Juu palikuwa na benchi moja tu. Mkewe alisogea kumpisha.

"Karibu, mzee wangu. Leo umefika."

Peleg aliketi, akaitafuta mimbari kwa macho. Mbele yao ilisimama nguzo nene ya msonobari. Akainama kushoto, akainama kulia. Kwenye nguzo, usawa wa paji la uso la mkewe, mbao ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa.

"Mama, miaka yote hiyo ulikuwa unaona nini huku?"

"Nguzo," alisema mkewe. "Nyamaza sasa, anaanza."

Akaegemeza paji lake pale palipong'aa.