Waliokuwa Ndani ya Seva

Sheria ilikuwa wazi: ukinunua seva kuukuu, unazitunza nakala za kidijitali za akili za marehemu zilizomo, na jamaa zao wana haki ya kuja kuzungumza nao. Mwanakombo alinunua moja Tanga, akaisukuma chini ya meza ya sebuleni iwe kompyuta yake ya kuchorea ramani za nyumba. Nafasi haikutosha. Akawafuta marehemu wote.

Wiki iliyofuata Mzee Shemdoe alipiga hodi, amefika kutoka Lushoto na koti lililopigwa pasi. "Nimekuja kumwona mke wangu, mwanangu. Nimeambiwa yumo humu."

Mwanakombo alishindwa kusema kweli. Alimkalisha mbele ya skrini, akajifungia chumbani na simu iliyounganishwa na skrini ile, akawa anamwandikia akijifanya mkewe.

Mzee alisoma, akacheka, akalia, akasimulia habari za wajukuu. Mwanakombo alijibu yote, uso ukimwaka kwa aibu.

Wakati wa kuaga, mzee alimshika mkono.

"Marehemu alikuwa akiniita Baba Sefu," alisema taratibu. "Nikija Ijumaa, niite hivyo."

Mwanakombo aliinamisha kichwa.

"Haya, baba."