Mama Amenyooshwa

Fundi wa studio alibonyeza kitufe, na marehemu mama akaimba kiitikio chote bila kuteleza hata kidogo. Nikavua hedifoni.

"Umemfanya nini mama?"

"Nimemnyoosha sauti kidogo kwa kompyuta, dada. Kwenye ile kaseti yake alikuwa anashuka pale mwisho. Wewe nilishakunyoosha, sasa mnaendana."

Alikuwa anajivunia kazi yake, wala sikumlaumu. Siku hizi hata anayepiga chafya studio hunyooshwa. Akanionyesha kwenye kompyuta. Mstari wa sauti yangu ulilala juu ya mstari wa mama, yote miwili imenyooka kama sare iliyopigwa pasi.

Lakini mama hakuwa akiteleza. Neno la mwisho alikuwa akiliimba hivyo makusudi, akilishusha polepole mpaka lizame kifuani, huku kidole gumba kikisugua ukingo wa meza. Nimelisikia jikoni utoto wangu wote.

"Mrudishe alivyokuwa."

"Mtagongana, dada. Watu watasema mmoja wenu hajui kuimba."

"Watakuwa wamesema kweli. Ni mimi."

Akacheka, akamrudisha. Mstari wa mama ukapinda mwishoni, ukauacha wangu ukining'inia juu peke yake.

Fundi akashika kipanya. "Basi nikushushe wewe umfuate. Ni sekunde tu."

"Acha," nikasema, nikavaa tena hedifoni na kuusukuma mlango wa chumba cha kurekodia. "Huko nashuka mwenyewe."