Usiku Mmoja Tu

Zuhra alilala amesimama, katikati ya harusi ya watu, sinia la pilau mikononi. Sinia likainama, nyama zikaanza kuteleza, na wifi yake Nasra akalidaka kabla pilau haijammwagikia mama wa bwana harusi.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi. Silali."

Nasra akacheka, kwa sababu kila aliyejifungua husema hivyo. Lakini Zuhra hakuwa anatania. Ashraf wake alikuwa na miezi mitatu, na tangu azaliwe hajampa mama yake usiku mzima hata mmoja. Mchana alilala kama bwana mkubwa. Jua likizama tu, kazi inaanza: ananyonya, analia, ananyonya, anatapika, analia tena kwa kuwa ametapika. Titi la kushoto lilikuwa na kidonda, na la kulia halikuwa na nafuu. Mumewe Athumani alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwezi usipoonekana, yeye na wenzake wako ziwani na taa zao mpaka alfajiri, na akirudi Ujiji naye hajiwezi kwa usingizi. Nyumba ina watu wazima wawili na hakuna wa kushika mtoto.

"Juzi nilizinduka nimemlalia," Zuhra alisema. "Uso uko chini ya titi, hatoi sauti. Nikamtikisa ndipo akalia. Naogopa, wifi. Siku moja nitamtikisa na hatalia."

Nasra akaacha kucheka.

"Mchukue," Zuhra akamwambia. "Una maziwa ya kutosha watoto wawili. Usiku mmoja tu, nilale."

"Toba! Mtoto mchanga agawiwe kama kuku? Watu watasema nini? Na binamu yangu Athumani je? Vumilia, ataacha mwenyewe."

Kuvumilia kulikuwa rahisi kwa Nasra. Yusra, binti yake wa rika moja na Ashraf, alikuwa anaanza kulala wakati wa isha na kuamka jua limeshatoka, mashavu kama maandazi. Zuhra hakuomba tena. Mama gani anabembeleza watu wamwondolee mwanawe?

Kabla ya magharibi mvua ikaanza na umeme ukakatika. Dereva wa gari la mwisho la Ilagala, alikoishi Nasra, akapiga honi kana kwamba nyumba inaungua. Wanawake wakavamia chumba cha ndani, ambako watoto walikuwa wamelazwa kwenye godoro moja, wote wamefunikwa khanga zile zile za njano za sare ya harusi. Kila mtu alikuwa anatafuta ndala, mtoto na bakuli lake la pilau kwa wakati mmoja.

"Wifi, nibebeshe, gari linaniacha!"

Nasra akainama pale mlangoni. Zuhra akamlaza mtoto mgongoni pake, akamfunika mpaka kichwani kwa ajili ya mvua, akamkaza khanga vizuri. Nasra akakimbilia barabarani, mkoba ukimpigapiga ubavuni. Zuhra naye akabeba mtoto, akarudi nyumbani kwa miguu, ameloa chapachapa.

Asubuhi Athumani alifika nyumbani na ndoo yake ya dagaa, na hakusikia kitu. Kwa miezi mitatu kilio cha Ashraf ndicho kilichompokea kuanzia kona ya msikiti. Akaiweka ndoo chini. Akaingia chumbani. Mkewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia kitandani. Kando yake khanga ya njano ilikuwa imefunika kitu ambacho hakitikisiki.

Athumani aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa ziwani. Akafunua.

Mtoto alikuwa anapumua. Alifungua jicho moja, akamtazama, akatabasamu kwa mashavu yake makubwa. Alikuwa Yusra.

Kelele alizopiga Athumani ziliwatoa majirani nje. Zuhra akaketi, akamtazama yule mtoto, akaanza kulia. Alilia kwa uchungu mpaka mumewe, aliyekuwa ameshafungua kinywa amfokee, akaishia kumshika bega.

Athumani alikuwa anavaa viatu kwenda kutafuta gari la Ilagala, Nasra alipotokea mlangoni, Ashraf akipiga mayowe kifuani pake, macho ya Nasra mwenyewe mekundu kama pilipili.

"Zilaaniwe khanga za sare! Nafika nyumbani, nafungua nimbadilishe, nakuta mwanaume! Napiga simu ya Zuhra, imezimwa. Wewe uko ziwani. Gari hakuna. Usiku kucha sijafumba jicho, nanyonyesha, nakanda tumbo, naimba mpaka sauti imekauka. Nisameheni jamani. Ni haraka zangu."

"Hakuna wa kulaumiwa," Athumani alisema, akihema kama aliyetua mzigo. "Kila mmoja kanyonya kwa mama wa mwenzake, basi wameshakuwa ndugu. Tumekosa harusi yao moja tu ya mbele."

Majirani wakacheka. Zuhra akampokea Ashraf, akamnusa kichwani, akambana kifuani kama mtu aliyerudishiwa pumzi. Uso wake ulikuwa umenawiri, na hakuwa anayumba tena.

Nasra hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefungua mkoba wake, anatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye shuka: sweta la Ashraf, chupa ya dawa yake ya tumbo, nepi zake safi zilizokunjwa kwa uangalifu, na kipande cha khanga kuukuu kinachonukia maziwa ya mama yake.

"Mtoto nilimchanganya mimi, sawa," alimwambia Zuhra kwa sauti ya chini. "Na hivi navyo, vilijiingiza vyenyewe mkobani?"