Kope Nzito Aanza Kukimbia

Kope Nzito alijitwika kichwani meza ya kulia chakula, peke yake, akapanda nayo ngazi za duka huku anapiga mluzi. Dereva wa mizigo alibaki mdomo wazi.

"Wewe ndiye yuleyule?"

"Ndiye mimi, kaka. Niongezee na viti!"

Miezi mitatu nyuma mtu huyu hakuweza kuinua hata kikombe bila kupiga miayo. Alikuwa muuzaji katika duka la samani, na usiku hakupata usingizi hata lepe. Atageuka huku, atageuka kule, mpaka kunakucha. Mchana sasa, usingizi ulikuja kulipa kisasi. Ikigonga saa nne asubuhi, kwisha kazi. Aliangukia kochi lililokuwa dirishani, kwa vile ndilo lililokuwa jirani na meza yake, akakoroma hapo huku wapita njia wamejazana nje ya kioo wakimcheka. Jina la Kope Nzito lilianzia hapohapo.

Cha ajabu, bosi wake hakumkaripia hata siku moja. Alikuwa mama wa makamo, mkali kama pilipili kwa wengine wote, lakini akimkuta Kope Nzito amelala alipita kwa kunyata. Siku moja alimwekea mto chini ya kichwa. Kope Nzito alipozinduka na kuuona ule mto, alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali angetukanwa.

Basi iliposikika kwamba duka linafungua tawi la pili na linatafuta msimamizi, mkewe, ambaye ni muuguzi, alimkazia macho.

"Mume wangu, cheo hiki hakikupiti. Kesho tunakimbia."

"Tunakimbia kwenda wapi?"

"Kokote. Mradi urudi umechoka."

Siku ya kwanza aliishia kwenye kona ya barabara, akarudi amemwegemea mkewe kama gunia. Wiki ya tatu akauzunguka mtaa mzima. Baada ya hapo hakushikika. Usiku kichwa kikigusa mto, hayupo. Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akivuta shuka: "Amka, mke wangu, jua linatuacha!" Wakawa wanakimbia wanacheka njia nzima, kama watoto waliotoroka darasani.

Kazini ndiyo usiseme. Alifika wa kwanza, akafuta vumbi hadi mvunguni mwa vitanda, akahamisha makabati ambayo hayakuwa na haja ya kuhama. Wateja walikuwa wamepungua siku hizo, ni kweli, ila aliyeingia alipokelewa mlangoni kwa salamu tatu mfululizo. Na nje ya kioo hakusimama tena mtu wa kumcheka. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Heshima ilikuwa imerudi.

Siku hiyo ya meza, kabla hajaitua, aliambiwa bosi anamwita ofisini. Akaibwaga meza. Akajibanza nyuma ya kabati, akampigia mkewe.

"Naitwa!"

"Jifute jasho! Na ukipewa hicho cheo, usilie mbele za watu."

Akaingia anatabasamu mpaka jino la mwisho. Bosi alikuwa amekaa, ameshika tama.

"Keti, mwanangu. Mabadiliko yako nimeyaona."

"Na bado, mama! Nina nguvu hata sijui nizipeleke wapi. Huu ni mwezi wa pili sijasinzia kazini hata—"

"Najua. Nimehesabu siku." Bosi alijishika paji la uso. "Kosa ni langu. Ningekuambia tangu mwanzo. Niliogopa tu kwamba ukijua, utaanza kuigiza."

Tabasamu la Kope Nzito liligoma katikati. "Nikijua nini, mama?"

Bosi akashusha pumzi.

"Miaka miwili mizima, kila mteja aliyeingia humu alikuwa na neno moja tu: 'Nataka lile kochi analolalia yule kaka.'"